Barua za Bi Zalfa Zilivyofika Mutsamudu

Wenzangu wa wodi, tangu nirudi kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile, na kila mmoja nimempa kipande tu. Mmoja anajua habari za askari, mwingine za chakula, mwingine amesikia kwamba nilifungwa, jambo ambalo si kweli, au si kweli yote. Basi nimeona nikae chini niandike mara moja, tangu kuondoka hadi kurudi. Mambo ya tikiti na pasi nayaruka. Yalinichosha kuyafanya, sitaki yawachoshe na ninyi kuyasoma.

Wakubwa mlimjua Bi Zalfa alipokuwa mkuu wetu wodi ya wazazi. Wadogo hamkumkuta. Alizaliwa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, Komoro, akachukuliwa na mjomba wake kwenda Unguja akiwa na miaka tisa, akasomea uuguzi, akaja Mombasa, akakaa nasi mpaka alipostaafu. Mume alifariki mapema, na mtoto hakujaaliwa. Siku ya kumuaga tulimpa kiti cha kupumzikia. Wiki iliyofuata alimpa jirani kile kiti, akaenda bandarini kuuliza meli. Akahiji. Akafika Port Said, Bombay, Majunga, Marseille. Kote huko alikuwa mtu wa kuuliza: kwa nini daraja limejengwa hivi, nani anafua mashuka ya meli, wanawake wa hapa wanajifungua wamelala au wamechuchumaa. Na yote aliyojibiwa aliniandikia mimi, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, pembeni akichora. Alipenda kuchora bandari.

Mwishowe alirudi kwao kuishi na mdogo wake, Bi Echati, na huko ndiko alikofariki. Baada ya wiki mbili nikapata barua ya Hadidja, binti wa Bi Echati, ambaye aliwahi kukaa na mama yake mkubwa hapa Mombasa miaka miwili na sasa ameolewa Moroni. Aliandika: "Mama Rukia, mama anaomba uje kwenye arubaini, na uje na barua zote. Watu wa mji wanasema mengi. Wanasema mwanamke aliyezunguka dunia bila mume, huko alikuwa akifanya nini. Wengine wanasema aliolewa na Mkristo Marseille. Mama hana la kuwajibu, maana hajui lolote. Mama mkubwa alikuandikia wewe."

Sentensi ile ya mwisho niliisoma mara nyingi. Nikafunga barua zote kwa utepe, nikaenda.

Mombasa hadi Hahaya

Ndege ilikuwa ndogo na ilirukaruka. Kando yangu aliketi mama wa Kingazija mwenye umri kama wangu, amepakata bakuli tatu kubwa za enameli kwa sababu hakuwaamini wapakiaji mizigo. Nilimshikia moja njia nzima. Tulipokaribia kutua nilimrudishia, naye akaniambia, "Marahaba."

Niligeukia dirishani. Sikuwa nimempa shikamoo, na sikuona kwa nini nimpe. Nilikasirika kimoyomoyo mpaka magurudumu yalipogusa chini. Kumbe kwao neno hilo ni asante! Niliambiwa siku ya pili, na mpaka leo namuomba radhi yule mama.

Mnajua hii ni miaka ya mamluki kule. Wale askari wa Kizungu waliingia mwaka 1978, wakapindua serikali, na tangu hapo hawajaondoka. Nilikuwa nimewasikia redioni tu. Uwanjani Hahaya, kisiwani Ngazija, nilimwona wa kwanza: kijana mwenye sare nyeusi, shingo imebabuka kwa jua, amesimama nyuma ya meza ya mizigo pamoja na askari Mkomoro. Begi langu likafunguliwa. Utepe ukafunguliwa. Mzungu akashika barua ya Port Said, akaigeuza juu chini, akaona maandishi ya Kiarabu, akaona mchoro wa bandari wenye vidoti vya meli na hesabu pembeni. Akachukua nyingine. Bandari. Nyingine. Bandari.

Akamwambia mwenzake kitu kwa Kifaransa. Yule Mkomoro akaniuliza kwa lugha yao, polepole, nikashika neno "nani".

"Ni za mkuu wangu," nikasema. "Ndiye aliyenifanya nije. Nazipeleka Mutsamudu."

Nilikuwa na maana ya mkuu wangu wa wodi, Mungu amrehemu. Askari akatafsiri, na mimi nikasikia neno moja tu la Kifaransa ninalolijua: "shefu", yaani kiongozi. Mzungu akainua kichwa. Akarudia, "Shefu?" na akaandika.

Hapo ndipo niliposema uongo wa kijinga kuliko wote, nao si uongo bali ukweli uliosemwa vibaya. Nikaongeza, "Amekufa." Ikatafsiriwa hivi, kama nilivyokuja kujua baadaye: mkuu wake aliyemtuma ameuawa.

Benchi

Nilikaa kwenye benchi, katika chumba chenye dirisha moja, tangu saa nne asubuhi mpaka alasiri. Hakuna aliyenigusa wala kunifokea. Ila mlango ulikuwa na askari, na kila nilipoinuka naye aliinuka. Mama mmoja aliyekuwa akifagia alinipenyezea kipande cha mkate na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kwenye kopo, akatoka bila kunitazama usoni. Nilikula mpaka makombo. Niliwaza kuhusu ninyi, nikawaza nani atalisha kuku wangu, halafu nikawaza mambo mengine ambayo siyaandiki.

Alasiri waliniachia. Nguo zangu walinirudishia zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja mimi. Barua walibaki nazo. Niliambiwa nisitoke kisiwa cha Ngazija mpaka zisomwe zote na mtu anayejua. Nje, kwenye mawe meusi ya volkano, Hadidja alikuwa amekaa tangu asubuhi, kiatu kimoja mkononi, anapunga nzi nacho. Tulikumbatiana tukalia. Ilikuwa Jumamosi. Arubaini ilikuwa Alhamisi.

Moroni, na yale machozi

Hadidja anakaa mji wa kale, nyuma ya msikiti wa Ijumaa, mahali ambapo ukinyoosha mikono yote miwili unagusa nyumba mbili. Chakula cha jioni kilikuwa ndizi mbichi za kuchoma, samaki na mkate mtamu wa mchele. Mumewe akanisogezea kibakuli akaniuliza, "Putu?"

Kilifanana na kachumbari ya nyanya iliyosagwa. Nikasema ndiyo, tena nikajipakulia vijiko vitatu, kwa adabu ya mgeni. Putu ni pilipili. Ni pilipili na chumvi na si kitu kingine. Machozi yalinitoka, pua ikachuruzika, sauti ikakatika. Wakati huohuo wakaingia majirani wanne waliokuja kunipa pole ya Bi Zalfa. Wakaniona, wakashikana, wakaanza kulia na mimi. Mmoja alinipigapiga mgongoni akimwambia Hadidja kwamba hajawahi kuona rafiki wa kweli namna hii. Sikuweza kusema neno la kuwasahihisha, na nilipoweza niliona haya. Lakini ajabu ni kwamba baada ya muda nilikuwa nalia kweli.

Jumapili na Jumatatu tulingoja. Nilikwenda sokoni na Hadidja, nikaona zile sare nyeusi zikipita kwenye gari la wazi, na soko zima likishusha sauti, kisha likaendelea. Usingizi ulinikataa. Sikuogopa tena kwa ajili yangu. Nilikuwa nafikiri, nitamwambia nini Bi Echati? Kwamba nimekuja mikono mitupu?

Jumatatu magharibi mume wa Hadidja alirudi na habari. Barua alikuwa amepewa mzee mmoja wa Mvouni, Fundi Mmadi, yaani Mwalimu Mmadi kwa lugha yao, aliyesoma Unguja ujana wake na kufanya ukarani kwa kadhi. Wazungu humwita wakitaka kusomewa maandishi ya Kiarabu.

Mvouni

Mvouni iko juu, njia ya kwenda mlimani, na kuna baridi iliyonifurahisha. Tulipanda pikapu asubuhi ya Jumanne, mimi na Hadidja tumekalia magunia ya shelisheli. Nyumba ya Fundi Mmadi tulionyeshwa na mtu wa kwanza tuliyemuuliza.

Alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nilipojitambulisha kwa Kiswahili alishtuka kama mtu aliyefumaniwa. Kabla hajajibu, mkewe, Bi Mariama, alitoka jikoni akipangusa mikono, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuvunjika, "Wewe ndiye Rukia? Mwenye barua? Hebu niambie, kile kiatu kilichompotea Bombay alikipata?"

Nilimwangalia mumewe. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Alikipata," nikasema. "Alikuwa amekivaa mpishi."

Bi Mariama alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi Mmadi akakiri. Kazi ilikuwa ya siku moja. Lakini alikuwa akizisoma kwa sauti, na mkewe akimwambia rudia, na jirani wa kike akaja, na jana waliishia Bombay, ingawa yeye peke yake alikuwa ameshazisoma zote hadi mwisho. Akamdanganya Mzungu kwamba mwandiko ni mgumu.

"Mwandiko wa Bi Zalfa mgumu?" Nilipandwa na hasira mpaka Hadidja akanishika mkono. "Fundi, arubaini ni keshokutwa! Dada yake anazingoja. Mimi nimekaa kwenye benchi siku nzima kwa ajili ya barua hizo, wewe umezifanya hadithi ya jioni?"

"Una haki," alisema. "Lakini kaa, mwanangu. Si hilo tu linalonichelewesha."

Akaingia ndani akarudi na karatasi moja. Niliijua kabla hajaikunjua. Ilikuwa barua ya kwanza aliyoniandikia kutoka Mutsamudu, mwaka ule mamluki walipoingia. Niliipenda sana zamani, nikacheka nayo, nikaiweka pamoja na nyingine, na siku ya kufunga mzigo sikuwa nimefikiri kabisa kwamba imo. Kosa ni langu.

Fundi akaisoma kwa sauti ya chini. Bi Zalfa aliandika hivi: "Rukia, wazungu wenye bunduki wamefika mpaka hapa kwetu. Watu wamejifungia. Mimi nimekwenda kuwatazama, maana sijawahi kuona mtu anayeuza vita kama mwingine anavyouza samaki. Nimehesabu kumi na mmoja. Mmoja ana mafua. Nimemuuliza yule mwenye mafua kwa Kifaransa changu cha Marseille: mama yako anajua uko hapa? Hakujibu, ila masikio yalimwiva. Echati alikuwa nyuma yangu amenishika nguo, ananivuta turudi. Tangu utotoni ni hivyo, ingawa mkubwa ni mimi. Nadhani nimekwenda mbali duniani kwa sababu nilizoea kwamba yupo mtu nyuma amenishika nguo, sitaanguka."

Akavua miwani. Kisha akasema, "Nikimtafsiria Mzungu hii, utarudi kwenye benchi, na safari hii si kwa siku moja. Nisipomtafsiria, na mwingine akaisoma, ni mimi. Nyingine zote ni safi. Hii siwezi kuirudisha pamoja nazo, na siwezi kukaa nayo humu ndani."

Hadidja alikuwa amejifunika uso kwa shiromani yake, lile shuka la kujitanda la wanawake wa Nzwani.

"Isome tena," nikasema. Akaisoma. "Tena." Mara ya tatu nilikuwa namtangulia maneno. Ndipo Bi Mariama akanichukua jikoni, akasogeza chungu cha kisamvu, na mimi mwenyewe nikaitia karatasi motoni. Niliona mwandiko wake ukigeuka kahawia. Bi Mariama alinipa kikombe cha maziwa ya moto. Nimewahi kufunga macho ya wagonjwa wengi, mnajua, lakini hili lilikuwa zito kuliko yote.

Jumatano saa tatu niliitwa mjini. Mzungu mwingine, mtu mzima, alikuwa na barua zote mezani. Fundi Mmadi amesimama pembeni. Mzungu akauliza swali moja: kwa nini huyu mwanamke anachora bandari?

"Alitaka kujua kila meli inalala wapi," nikajibu. "Alikuwa hivyo hivyo na wagonjwa."

Fundi akatafsiri. Mzungu akazisukuma barua upande wangu, akasema kitu kirefu kidogo. Nilipomuuliza Fundi tulipokuwa barabarani, alitazama nyuma kwanza.

"Amesema hajawahi kusomewa maneno ya kuchosha namna hii, ya wali na mashuka na viatu."

Wallahi nilitaka kurudi nikagombane naye. Hadidja alinivuta. Kisha nikaketi kwenye ngazi za duka la watu, nimekumbatia furushi, nacheka peke yangu.

Ouani hadi Mutsamudu, kupitia Mirontsy

Ndege ya Nzwani ilikuwa iondoke Alhamisi saa mbili. Saa mbili rubani hakuwapo. Saa tatu alikuwapo, wingu likawa limefunika mlima. Saa nne wingu liliondoka, na abiria mmoja akaondoka nalo kwenda kunywa chai, mzigo wake ukiwa ndani. Tuliruka karibu saa sita. Mimi nilikuwa nimeshamaliza dua zote ninazozijua na nilikuwa nazirudia.

Uwanja wa Ouani umebanwa kati ya mlima na bahari, na ukishuka tu unapokewa na harufu ya langilangi, maua ambayo huchemshwa huko kutoa mafuta ya manukato. Tukapata gari. Dereva alielewa kwamba tuna haraka, akaendesha vizuri mpaka Mirontsy, akasimama kununua samaki. Hadidja akamwambia tunakwenda kwenye arubaini. Dereva akasema ndiyo maana ananunua samaki, naye anakwenda huko huko: mkewe amemtuma. "Arubaini ya Zalfata, yule wa safari," alisema, maana ndivyo kwao wanavyomwita Bi Zalfa. Akatazama kwenye kioo. "Mnaijua habari ya yule mume Mkristo?"

Hadidja alimjibu kwa Kinzwani, maneno mafupi, na tangu hapo dereva hakufungua mdomo tena. Mimi sikuuliza alimwambia nini.

Arubaini

Mutsamudu ni vichochoro na ngazi, na juu yake ngome. Tulifika wanaume wakimalizia hitima barazani. Wanawake walikuwa ndani, wengi, wamejaa mpaka uani, wote na shiromani zao nyekundu na nyeupe. Bi Echati alikuwa katikati, mama mdogo wa umbo, mgongo umenyooka. Alinipa mkono, akatazama furushi, akasema neno moja.

"Anasema soma," Hadidja aliniambia. "Anasema utakula baadaye."

Nikasoma. Sentensi moja mimi, sentensi moja Hadidja kwa lugha yao. Nilianza na Hija, ili wasikie alikoanzia, jinsi alivyowabeba akina mama wawili wagonjwa Mina na kuwauliza hadithi za maisha yao. Nikaja Bombay na kiatu. Kicheko cha kwanza kilikuwa cha woga, cha pili kilikuwa cha kweli. Ndipo Marseille. Waliokuwa uani wakasogea mlangoni.

"Nakaa chumba kimoja na wake wawili wa mabaharia wetu," Bi Zalfa aliandika, "na tunapokezana sufuria. Mpishi mmoja wa meli, Mngazija, mtu mwema, amesali nasi Idi na ameniposa. Nimemkataa. Nikiolewa nitalazimika kumweleza mtu kila siku ninakokwenda, na mimi mwenyewe huwa sijui mpaka nifike."

Vicheko vilipasuka mpaka barazani kwa wanaume, mmoja akauliza kuna nini. Bibi mmoja mwenye meno machache alipiga goti lake akasema kitu, na Hadidja akanitafsiria machozi yakimtoka: "Anasema, huyo ndiye Zalfata. Angekuwa ameolewa na Mkristo angeandika hata mahari yake." Wengine waliinamisha vichwa. Nilijua ni akina nani bila kuambiwa.

Bi Echati peke yake hakucheka. Vicheko vilipokwisha aliniuliza, na Hadidja alitafsiri kwa shida: "Mimi nimo? Katika safari zote hizo, jina langu limo?"

Nilikuwa na barua thelathini na kitu mapajani na nilijua kwamba katika zote hizo halimo. Lilikuwamo katika moja.

Nikazifunga. Nikamwambia kwamba ipo barua ambayo siwezi kumwonyesha, kwamba niliichoma kwa mkono wangu juzi Mvouni, na kwa nini. Nikamwambia ninayo kichwani. Nikaisema yote, mafua na masikio na nguo iliyoshikwa, mpaka neno la mwisho.

Hadidja alipomaliza kutafsiri, chumba kizima kilikuwa kinamtazama mama yake. Niliogopa kuliko Hahaya. Mtu anaweza kubuni maneno kama yale ili kumfariji mfiwa, na mimi sikuwa na karatasi.

Bi Echati akasogea karibu nami. Kisha akanyoosha mkono mbele, akakunja ngumi kama aliyeshika pindo la nguo, akavuta mara mbili, kwa nguvu.

"Hivi," alisema. Hiyo niliielewa bila Hadidja. "Hivi. Na bado alikwenda akamuuliza."

Akaanza kucheka, akalia, akacheka tena, na wanawake waliokuwa karibu wakamshika. Baada ya hapo nilipewa sinia la pilau peke yangu, na nililiramba.

Kurudi

Nilikaa siku nne zaidi. Barua nimeziacha kwa Bi Echati, kwenye kasha lake. Kila alasiri nilimkuta ana wageni wawili watatu wamekuja na mtu wa kuwasomea. Nilipita Moroni, Fundi Mmadi akanisindikiza mpaka Hahaya akiwa na ladu, vile vitamu vya mchele, alizotengeneza Bi Mariama. Hakuna aliyenifungulia begi. Ndege iliondoka kwa saa yake, nami nililala kabla haijainuka sawasawa.

Nyumbani kuku wote walikuwa hai. Nilioga, nikanywa chai, nikafungua madirisha, na raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Na jioni moja, baada ya maswali yenu yote, nikachukua kalamu na karatasi, nikaketi mezani nianze kusimulia yote: mama wa bakuli, pilipili, rubani, dereva na samaki wake. Nilikuwa nimeshaandika "Bi Zalfa mpenzi, baada ya salamu," ndipo nikakumbuka.

Nikaukata huo mstari. Chini yake nikaandika, "Wenzangu wa wodi."